Mbwa Aliyekuwa Akikataa

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, mwanzoni mwa miaka ya tisini, baba alikuja nyumbani Shauri Moyo na mtoto wa mbwa ndani ya kapu lake la vinyago. Baba alikuwa mchongaji, na kibanda chake kilikuwa Majengo. Kila asubuhi mbwa alimfuata kazini, na jioni walirudi pamoja, wote wawili wamejaa vumbi la mbao.

Siku moja, alipokuwa na kama miezi sita, alibaki nyumbani. Nilikuwa nikimtilia ugali uliolala pale mlangoni, na kichwa chake kikaanza kwenda kushoto na kulia, harakaharaka, kama mtu anayekataa jambo bila kupumua. Mwili ulikuwa umetulia. Macho yalikuwa yananitazama mimi. Nilimwita, akatingisha mkia, na kichwa bado kilikuwa kinakataa.

"Unamfanya nini huyo?" mama aliuliza.

"Simfanyi kitu!"

Kikaacha chenyewe. Kufikia saa sita kilikuwa kimetikisika mara tatu tena.

Mama alinivuta jikoni. Alikuwa ameweka sumu ya panya nyuma ya gunia la makaa. Tuliinama tukatafuta, tukapata vipande vinne. "Niliweka vinne," alisema, kisha akasita. "Au vitano? Ngoja. Sikumbuki tena."

Jirani yetu, mama Mwislamu wa mlango wa pili, hakutaka mbwa amguse, lakini alikuja na tochi yake. "Mwanangu, mtazame masikio. Paka wangu alitikisa hivyohivyo, kumbe ni kupe ameingia." Alinimulikia akiwa amesimama mbali, ameshika buibui lake lisiburute. Sikuona kupe. Niliona uchafu tu, na hata huo sikujua kama ni mwingi au ni wa kawaida.

Pale kwenye mfereji wa maji wanaume walishasikia. "Huyo ana kichaa cha mbwa," mmoja alisema. "Watoto wanacheza hapa. Auawe." Mwingine alikuwa tayari na rungu. Mama aliwasihi watupe muda hadi kesho jioni.

Kesho yake baba hakwenda kazini. Tulimfunga mbwa kamba, tukatembea hadi mtaa wa Baba Dogo kwa daktari wa mifugo. Njia nzima baba alitembea mbele yetu, harakaharaka. Nilidhani ana hasira.

Daktari alikuwa anakunywa chai. Aliuliza maswali, mimi nikajibu. Amemuuma mtu? Hapana. Anakula? Ndiyo. Anakunywa maji vizuri? Ndiyo. Amewahi kupigwa kichwani?

"Hapana," nilisema.

"Nilimpiga," baba alisema.

Niligeuka kumtazama. Alikuwa anaangalia sakafu. "Kibandani alitafuna mguu wa ndovu niliyekuwa karibu kummaliza. Nikamrushia kipande cha mpingo. Kilimpata hapa." Akagusa kichwa chake mwenyewe, juu ya sikio.

Wakati huo mbwa akaanza kutikisika. Daktari alikata kipande cha mkate wake, akamwonyesha. Kichwa kikasimama. Mbwa akala, akajilamba, kisha kikaanza tena.

"Kifafa kingekuwa kimemwangusha, na mkate asingeuona," daktari alisema. "Linaweza kuwa lile pigo. Inaweza kuwa sumu kidogo. Hata njaa, sukari ikipungua mwilini. Kuna ugonjwa wa mbwa unaoshika ubongo, lakini huo huja na homa na makamasi, sivioni hapa. Na kuna mbwa wachanga wanaotikisika tu, halafu wanaacha. Kichaa sidhani, lakini mfungeni siku kumi, watoto wasimkaribie."

"Sasa ni lipi, daktari?" baba aliuliza.

"Mzee, sijui."

Tuliporudi, karibu na nyumbani, baba alisema, "Afadhali angesema ni mimi." Nilikuwa na hasira naye na nilimhurumia, na sikuweza kutenganisha vitu hivyo viwili.

Tulimfunga nyuma ya nyumba, na baba akawaeleza wanaume wa mferejini agizo la daktari. Mwenye rungu alikuja kila jioni kumtazama, na siku ya kumi, alipomwona bado anakula na kuchezea kamba, alienda zake na rungu lake. Kutikisika kuliendelea hadi mvua za masika, kukapungua, kukaisha. Siku ya mwisho siikumbuki, kwa sababu hatukujua kwamba ni ya mwisho. Mbwa aliishi miaka mingi akiwa mzima, ila baba hakumpeleka tena kibandani.

Baba alipozeeka aliniuliza, tukiwa tunamenya viazi, "Unadhani kilikuwa kile kipande?"

"Hapana, Baba," nilimwambia. "Alikuwa mchanga tu."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kumenya. Mpaka leo sijui kama nilimwambia kweli.