Kigong'ota Namba Themanini

Chekeni, chekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa, na tena aibu hii ni yangu mwenyewe, hakuna mtu aliyenisukuma. Mimi ndiye mtu aliyepigwa na butwaa mbele ya wakwe huku suruali inachuruzika maji na daftari lake la siri linasomwa kwa sauti na baba wa msichana aliyekuwa amekwenda kumposa. Ndiyo. Kwa sauti, na kwa miwani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, upande wa Merigi, wakati wakulima wadogo kama baba yangu walikuwa wameanza kupanda chai na kila mtu anazungumzia miche. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa miaka ishirini na sita, nina nyumba yangu ya vyumba viwili ndani ya boma la baba, pale chini karibu na lango, na mbele ya nyumba nina bustani ya sukuma wiki, maua kidogo, na mti mmoja mkavu. (Ukumbukeni huo mti.) Mwalimu mwenzangu wa sayansi, Mzungu mmoja mrefu aliyerudi kwao, aliniachia darubini na ugonjwa wake. Ugonjwa wenyewe ni huu: tarehe moja Januari unafungua daftari jipya, unaandika kila aina ya ndege unayemwona mwaka huo, lakini sharti uwe umesimama ndani ya ua wako. Ukimwona barabarani, hahesabiwi. Ukimwona shuleni, hahesabiwi. Mwaka ukiisha unajumlisha, unaanza upya.

Watu walinicheka, bila shaka. Baba aliniuliza kama serikali inanilipa kwa hiyo kazi. Lakini mimi nilikuwa nimeingia mzima mzima, nasimama bustanini kila asubuhi kabla ya shule, na sitadanganya, kulikuwa na sababu nyingine. Njia ya kupeleka maziwa ilipita kando ya ua wangu, na kila asubuhi Chelagat, binti wa mzee arap Bii wa ng'ambo ya mto, alipita hapo na mkebe wake wa maziwa. Akifika kwenye ua anapunguza mwendo.

"Mwalimu, leo wangapi?"

"Leo mmoja tu."

"Basi fungua macho."

Mambo yalianza hivyo, na kufikia Agosti tulikuwa tumeelewana sisi wawili. Kilichobaki ni wazee kuelewana, na hapo ndipo penye kazi, maana arap Bii alikuwa mtu wa maneno machache na uso uliofungwa, na alikuwa ameshasikia kwamba kuna mwalimu fulani anayehesabu ndege badala ya kupanda chai. Kwa kawaida kijana hubaki nyumbani wazee wakienda kuposa. Yeye akatuma neno: "Na huyo wa ndege aje. Nataka kumwona." Chelagat akaniambia wazi pale kwenye ua kwamba baba yake akikataa mara moja, harudi nyuma. Nikaacha kulala vizuri.

Sasa turudi kwenye mti. Tangu Oktoba baba alikuwa ananiambia niukate, ni kuni nzuri, tena uko karibu mno na lango. Mimi kila siku nasema kesho. Sababu ni kwamba daftari lilikuwa na ndege sabini na tisa, mwaka unakaribia kwisha, na sikuwa nimempata kigong'ota hata mmoja, na kigong'ota hupenda kugonga mti mkavu kwa ajili ya wadudu wake. Nikauacha. Huo ndio uamuzi wangu, mdogo kabisa, wa kuahirisha panga.

Siku ikafika, Jumamosi moja ya Desemba, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tukatoka nyumbani wanne: baba na koti lake jeusi, mama na kitambaa kipya, baba mdogo Zakayo ambaye ni mzee wa kanisa na ana kofia anayoithamini kuliko sisi wote, na mimi nyuma yao, tai imenikaba. Zakayo alikuwa ameshatuombea, sala ndefu. Tunafika langoni tu, juu ya ule mti, upande wa kushoto: ko-ko-ko-ko-ko!

Ndugu zangu, sikufikiri. Mdomo ulifunguka wenyewe. "Themanini!" nikapiga kelele, nikaruka, nikachomoa daftari kwenye mfuko wa koti na kuandika hapo hapo nimeegemea nguzo ya lango. Nilipoinua uso wote watatu walikuwa wananitazama, na baba amesimama tuli kama mtu aliyeona nyoka.

Nilisahau. Mimi mtoto wa boma hilo, niliyelelewa na hayo maneno, nilisahau! Kwa baba, na kwa wazee wake wote, watu wakitoka kwenda kuposa na kigong'ota akagonga upande wa kushoto wao, safari imekwisha, wanarudi, wanaketi, na pengine hawaendi tena. Akigonga kulia, ni heri. Na huyu alikuwa amegonga kushoto, kwenye mti niliotakiwa kuukata, na mimi nimemshangilia.

Baba akarudi, akaketi juu ya jiwe.

"Ndugu yangu," Zakayo akasema, "sisi tumeshaomba."

"Tumeomba," baba akasema, "na tumejibiwa."

Mama alinitazama tu, na mtazamo huo nauhisi mpaka leo. Ng'ambo ya mto watu wanatusubiri, chakula kinapoa, arap Bii anaangalia jua. Nikaona Chelagat anapotea hivi hivi kwa sababu ya namba. Nikamwambia baba, "Baba, tukitokea nyuma, tupite ndani ya chai, tuzunguke kule juu, mti utakuwa kulia."

Baba akaiangalia ile chai. "Hiyo si kudanganya?"

"Ni njia nyingine tu, baba."

Nadhani alikuwa anatafuta ruhusa, maana aliinuka upesi kuliko nilivyotarajia. Tukaingia kwenye chai. Kama hujawahi kupita katikati ya michai iliyonyeshewa usiku kucha ukiwa umevaa nguo za heshima, usijaribu. Inakufika kiunoni, matawi yanakushika kama yanakudai, na kila jani limebeba maji yake linakusubiri wewe. Hatua kumi, tumelowa. Kofia ya Zakayo ikabaki juu ya tawi, akageuka kuichukua, akateleza akaingia kwenye mtaro mpaka magotini. Na akina mama majirani waliokuwa wanachuma upande wa pili wakatuona.

"Mwalimu! Leo mnachuma familia nzima? Mbona hamna vikapu?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tukazunguka, tukafika pale juu, tukasimama tukisikiliza, watu wazima wanne kwenye chai tunamsubiri ndege aseme. Kimya. Kimya tena. Zakayo anakamua kofia. Kisha: ko-ko-ko-ko! Kulia kabisa. Baba akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Haya," akasema, "sasa twende."

Tulifika kwa arap Bii tumechelewa saa mbili. Alitupokea mlangoni, akatutazama kuanzia viatu, akaangalia anga lililokuwa jeupe kabisa.

"Mvua imenyesha kwenu peke yenu?"

"Tulipitia shambani," baba akajibu, kwa heshima zote.

Tukaketi. Maji yananitiririka kwenye shingo, jani la chai limeninata sikioni (hakuna aliyeniambia), Chelagat yuko kwenye mlango wa jikoni amejifunika mdomo. Nikaona nijifute uso, nikavuta kitambaa mfukoni, na kikatoka pamoja na daftari, likaanguka likiwa wazi mbele ya miguu ya kogo, bibi yake Chelagat. Bibi akaliokota, akaligeuza, akampa mwanawe. "Soma."

Arap Bii akavaa miwani. Hapo, wenzangu, nilitamani ule mtaro wa Zakayo unimeze.

"Januari tano," akasoma, taratibu. "Ndege chozi, dume, kwenye maua mekundu. Tena Januari tano. Chelagat. Kitambaa cha kijani."

Zakayo akakohoa.

"Januari sita. Mwewe. Chelagat. Amecheka." Akafungua ukurasa. "Februari mbili. Mbayuwayu. Chelagat hakupita. Siku mbaya." Akafungua tena, na mimi nikajua kinachokuja kwa sababu niliandika mwenyewe na mkono huu. "Machi kumi. Arap Bii amepita na ng'ombe. Hakusalimu. Anatembea kama korongo."

Baba yangu akafumba macho. Zakayo nadhani alianza kuomba. Mimi nikainuka nusu, sijui naenda wapi, nikaketi tena. Mara bibi akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiye na meno, akampiga mwanawe begani. "Ni kweli! Tangu mtoto! Nilikuwa namwambia babako, huyu atembea kama korongo!"

Lakini arap Bii hakucheka. Aliendelea kufungua karatasi, haraka sasa, kama anatafuta kitu. Akasimama kwenye Mei.

"Hapa umeandika mistari mitupu."

"Ndiyo, mzee."

"Siku nane. Hakuna ndege."

"Hakupita, mzee. Sikuwaona ndege."

Akavua miwani. Mei ile Chelagat aliugua homa ya mapafu, alikuwa karibu kutuacha, na mimi sikujua, niliona tu njia tupu na sikuwa na ruhusa ya kuuliza. Arap Bii akapitisha kidole juu ya ile mistari. "Zilikuwa nane," akasema, lakini hakuwa anazungumza na sisi. "Nilikaa naye zote nane." Akafunga daftari, akanirudishia kwa mikono miwili, akageukia jikoni akasema kwa ukali wake ule ule, "Mbona wageni wanakaa bila mursik?"

Chelagat akatoka na kibuyu cha hayo maziwa ya mgando, ambayo kwetu mgeni aliyekataliwa hapewi. Akanimiminia, nikapokea, na nikajua hatujakataliwa.

Mti haukukatwa. Baba ndiye aliyekataa, akasema umefanya kazi. Na arap Bii, mpaka alipozeeka, akipita kwenye ua wetu alikuwa anasimama, ananyoosha shingo na kuniuliza, "Mwalimu, leo umeniandika nini?"

Nimeapa sitabeba tena daftari kwenda kwa wakwe, na nikimwona ndege langoni, hata awe wa mia, nitafunga mdomo kwanza niangalie yuko upande gani. Isipokuwa daftari lenyewe si langu peke yangu tena. Januari ya kwanza baada ya ndoa yetu nilitoka kwenda bustanini na darubini, nikarudi ndani kuchukua daftari, nikafungua ukurasa mpya, nikakuta kuna mtu ameshanitangulia, kwa mwandiko wa duara, kalamu ya bluu: "Namba moja. Mume wangu. Ameonekana kutoka jikoni. Amesimama kwenye baridi bila koti, na chai yake inapoa."