Jina Kavu la Mama Mkwe

Mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, wenzake walimbatiza Bwana Lebo, na wala hakuwa na haki ya kulalamika. Stoo yake haikuwa na kopo, brashi wala boksi la misumari lisilokuwa na karatasi yake, imebandikwa imenyooka. Kama angeishia hapo tungemsifu. Lakini ugonjwa ule aliuhamishia nyumbani. Jikoni chupa ya chumvi iliandikwa CHUMVI na ya sukari SUKARI, sawa, tunaelewa. Sasa ukutani sebuleni kulikuwa na swichi mbili, moja imeandikwa TAA YA SEBULENI na ya pili imeandikwa SI TAA YA SEBULENI. Mkewe, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akimshukuru Mungu kwamba watoto wao walizaliwa na sura tofauti, la sivyo wangebandikwa kwenye paji la uso.

Starehe yake moja ilikuwa muziki. Kompyuta yake aliiunganisha na televisheni ya sebuleni, na ndani yake alikuwa amerundika nyimbo chungu nzima: za kununua, za kuazima, na zile alizorekodi redioni enzi za kanda, mtangazaji akiropoka katikati. Na usidhani wimbo ndani ya kompyuta ni wimbo tu. Kila mmoja unabeba vibandiko vyake: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka, aina, hata nyota za kuupima. Vikikosewa ni balaa. Mwimbaji mmoja anageuka watu watatu kwa sababu hapa ameandikwa kwa nukta, pale bila nukta, na kwingine aliyeandika alikuwa na haraka zake. Mtu kama Bwana Lebo hawezi kulala na jambo la namna hiyo.

Kilichomkera kuliko vyote ni heshima za watu. Alipopanga wasanii wake kwa alfabeti, herufi B ilivimba kwa akina Bi, Bibi na Bwana, na herufi M ikataka kupasuka kwa akina Mama, Mzee na Mwalimu, huku herufi nyingine zimekaa tupu. Kwa macho ya mtunza stoo huo ulikuwa uzembe mtupu, sawa na kuandika "kopo la" mbele ya kila kopo. Akakata shauri: heshima zote zivuliwe, yabaki majina.

Akatumia ile amri ya kutafuta na kubadilisha. Tafuta Bi, weka patupu. Tafuta Mama, weka patupu. Alichosahau ni kwamba kompyuta haina adabu wala breki, na kiboksi cha "safu zote" alikuwa amekiacha na alama yake. Alipokuja kuangalia, kila penye neno habibi pamebaki Ha. Wimbo wa kusifia subira umekuwa wa kusifia sura. Na ule wa kumbembeleza mchumba, Simama Mpenzi, sasa ulikuwa unasomeka Si Mpenzi. Mkewe alicheka mpaka akaketi sakafuni. Bwana Lebo yeye hakuona cha kuchekesha. Alijikaza kisabuni, akarekebisha majina ya nyimbo moja baada ya jingine. Safu ya wasanii lakini hakuigusa. Wasanii wake walikuwa wamekaa uchi wa majina yao, wamepangika vizuri mno, na roho yake ikatulia.

Wakati huo huo mama mkwe alikuwa anakaa kwao, amekuja kutolewa mtoto wa jicho. Na hapa inabidi niseme jambo ambalo Bwana Lebo hakumwambia mtu. Mama mkwe huyu alikuwa mkarimu wa neno mwanangu. Muuza maziwa alikuwa mwanangu, daktari wa macho alikuwa mwanangu, hata mwizi aliyekamatwa na kuku wake kwapani aliulizwa, "Mwanangu, kwa nini?" Mkwewe tu ndiye hakuwahi kulipata. Alikuwa "baba huyu". Kila asubuhi Bwana Lebo alitoa shikamoo yake kwa heshima zote, akajibiwa "Marahaba," halafu kimya. Alikuwa akisubiri kidogo pale, labda mkia wa neno utafuata. Haukufuata. Watoto wake walikuwa wamekwenda shule za bweni na ndevu zake zimeanza mvi, na bado alikuwa anausubiri.

Ndiyo maana alikuwa amemwandalia zawadi. Mkewe alikuwa na kanda kuukuu ambayo mama yake, enzi za ujana, aliimba na kikundi cha akina mama wa mtaa wao. Bwana Lebo aliihamishia kwenye kompyuta kwa waya, akaisafisha mikwaruzo kwa uvumilivu wa mshonaji, akaiwekea vibandiko vyake vyote. Mpango ulikuwa huu: siku bandeji itakapotoka, mama atakaa kwenye kochi, wimbo utapigwa, machozi ya furaha yatamtoka, na lile neno litatoka pamoja nayo.

Jumamosi mchana bandeji ikatoka. Jicho lilikuwa limesafishika kweli. Mama mkwe alisoma SI TAA YA SEBULENI kutoka upande wa pili wa chumba, akaguna. Bwana Lebo akamketisha, akawasha televisheni, akabonyeza. Sauti ya binti mmoja ikajaa sebuleni, na wenzake wakaipokea nyuma.

Mama mkwe hakuwa anasikiliza. Alikuwa anasoma.

"Huyu ni nani?" aliuliza, kidole kimeelekea kwenye skrini.

"Ni wewe, mama! Ile kanda yenu ya zamani, nimeitoa..."

"Nimeuliza huyu ni nani. Ameandikwa jina kavu kavu hivi, kama mtoto aliyetumwa dukani."

Bwana Lebo akatazama. Kwenye safu ya msanii lilikuwa limekaa jina la mama mkwe alilopewa na wazazi wake, peke yake, halina hata Bi wala Mama ya kujifunika. Jina lenyewe mimi silitaji. Yaliyompata yeye yananitosha.

"Mama, ni mambo ya mpangilio tu," alisema. "Ukiweka Mama mbele, watu wote wanajazana kwenye herufi M."

"Na mimi nikijazana na wenzangu kwenye M, wewe panakuwasha wapi?"

Hapo mwenye akili angeomba radhi, akanyamaza. Bwana Lebo akaendelea kusimama mbele ya skrini, akijaribu kuiziba kwa mgongo. Mama mkwe akainama pembeni.

"Aina: Mengineyo. Mengineyo ndiyo nini?"

"Ni vile vitu ambavyo... yaani, visivyokuwa na mahali pake, mama."

"Ahaa. Na hiyo nyota moja?"

"Hiyo ni ya ubora."

"Zinatakiwa ziwe ngapi?"

"Tano," alisema Bwana Lebo. "Lakini si ubora wa sauti yako, mama! Ni wa kanda. Ilikuwa na mikwaruzo mingi."

"Kwa hiyo nina mikwaruzo."

"Zima!" mkewe alipiga kelele kutoka jikoni. "Zima hilo dude, baba watoto!"

Mama mkwe alisimama taratibu. Alisema kesho asubuhi anarudi kwake, na kwamba alikuwa anaona vizuri zaidi alipokuwa haoni. Akaingia chumbani, wakasikia zipu ya begi.

Mkewe alikuja na mwiko mkononi. Hakupiga kelele tena, na hilo lilimtisha mumewe zaidi. "Daktari amesema asisafiri mpaka amwone tena wiki ijayo," alisema. "Jicho likiharibika huko njiani, utaliandikia lebo gani?" Halafu akaanza kulia. Bwana Lebo alijiona mdogo kama sindano. Alikuwa ametaka neno moja tu kwa mama wa watu, sasa anataka kumpotezea jicho.

Jumapili asubuhi alidamkia kompyuta. Aliona dawa ni moja: amrudishie mama mkwe heshima yake kabla hajatoka chumbani. Akafungua orodha ya wasanii, akaandika Mama kwenye kiboksi cha kuongeza neno mbele, akabonyeza hifadhi. Kwa haraka aliyokuwa nayo hakuona kwamba jana yake, katika kuhangaika kuzima, alikuwa amechagua wasanii wote.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Mama mkwe alitoka amevaa viatu vya safari, begi mkononi, mwanawe nyuma yake akimsihi. Bwana Lebo akasimama.

"Shikamoo, mama. Nimekosa, mama. Nimekwisha kukurudishia, hebu tazama."

Mama mkwe hakuitikia shikamoo. Ila jicho jipya lina njaa, akatazama. Akasoma wa kwanza, akasoma wa pili, kisha akaweka begi chini ili asogee karibu.

"Huyu hapa," alisema, "mimi nilimwona jukwaani. Mpiga gitaa, ana ndevu mpaka kifuani. Kumbe ni Mama? Lini amejifungua?"

Bwana Lebo aligeuka. Skrini nzima ilikuwa akina mama. Waimbaji wa sauti ya besi walikuwa akina mama. Bendi ya matarumbeta ya askari jeshi, wanaume watupu wenye vifua kama makabati, ilikuwa Mama Bendi ya Jeshi. Na lile kundi la vijana wanne wanaovaa miwani ya jua gizani lilikuwa Mama Vijana.

Kwanza kilisikika kikohozi. Halafu mabega ya mama mkwe yakaanza kucheza, halafu akaangusha mkono kwenye kochi na kuvunjika mbavu kwa kicheko, akiomba kwa ishara aletewe kitambaa kwa sababu daktari alimkataza kutoa machozi. Mkewe naye akacheka huku hajamaliza kulia. Bwana Lebo hakujua afanye nini na uso wake.

"Vua viatu, mama," mwanawe alisema.

"Ngoja kwanza," alisema mama mkwe. Akaketi. "Wewe, baba huyu, kaa hapa. Futa hao, mmoja mmoja. Halafu ufungue wangu tuuandike upya, kwa adabu."

Wakafuta, na jua likapanda. Walipofika kwenye wimbo wenyewe, aliamuru upigwe, na safari hii akasikiliza, macho yamefumbwa.

"Toa hiyo Mengineyo. Huu ni wimbo wa kazi. Tulikuwa tunafyatua matofali ya zahanati, jua kali, anayeacha kuimba anaacha na kufyatua. Andika: Wimbo wa Matofali." Akainua kidole. "Na usiniandike peke yangu. Niliimba peke yangu mimi? Huyo anayepokea ni Mama Mapacha. Sauti nene ni Bi Mkubwa wa Mkaa. Anayepiga makofi kabla ya wakati ni Shangazi Mrefu, hakuwahi kupatia maisha yake yote."

Bwana Lebo aliandika. Kiboksi kilikuwa kifupi, majina yakawa yanatokea upande wa pili, lakini hakuthubutu kusema.

"Na huyo anayecheka?" aliuliza. Katikati ya wimbo kulikuwa na kicheko cha mwanamke, chembamba, kinakatika na kuanza tena. "Samahani, mama, mimi nilidhani ni hitilafu ya kanda. Nilitaka kukikata."

"Ungekikata ningekukata. Huyo ni Dada Kicheko. Kilimshika siku ile ile tunarekodiwa, na bwana wa redio akakasirika kweli." Aliegemea kochi. "Alikufa kabla zahanati haijaezekwa. Shangazi Mrefu naye ametangulia. Bi Mkubwa, mwaka juzi." Akasikiliza mpaka kicheko kikapita. "Mimi sikujua kwamba bado kipo mahali."

Bwana Lebo aliondoa mikono kwenye kibodi. Miezi yote ile aliyokuwa akisugua mikwaruzo, alikuwa ameishi na wanawake hawa masikioni, na hakuwahi kuuliza hata mmoja anaitwaje. Yeye, mtu wa lebo!

"Nyota sasa," alisema mama mkwe.

"Tano, mama. Hata kama zingekuwa kumi."

"Acha unafiki. Ubeti wa pili nilichelewa kuingia, nimejisikia. Weka nne."

Akaweka nne. Chini kabisa kilibaki kiboksi kimoja, na jicho jipya likakiona.

"Hapo pameandikwa mtayarishaji. Ndiyo nani?"

"Ni mtu aliyeutengeneza, mama. Aliyeutoa kwenye kanda mpaka ukasikika."

"Si ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi andika mwanangu."

Hapa mimi msimulizi nina shida, maana sijui kabla ya hilo neno niweke mkato au nisiweke. Bwana Lebo naye alikuwa na shida hiyo hiyo. Vidole vilisimama juu ya herufi. Alimwangalia mkewe, na mkewe, mwalimu wa watu, anayewapigia wanafunzi alama nyekundu kwa mkato mmoja, aliinua mabega.

"Mama," Bwana Lebo alisema polepole, "niandike jina langu? Au niandike hilo... hilo ulilolisema?"

"Wewe husikii? Nimesema andika mwanangu. Au unataka nikuandike jina kavu?"

Akaandika, kwa woga, kama mtu anayeweka mkono kwenye kitu cha watu. Mama mkwe akakunja jicho moja, akaisoma skrini.

"Mbona kwa herufi ndogo?" alisema. "Wenzako wote nimewapa kubwa."

Bwana Lebo akafuta, akaanza upya na M kubwa, na kitufe cha kuhifadhi akakitafuta kwa kupapasa kwa sababu hakuwa anaona vizuri.