Taa ya Kushoto ya Sospeter

Mtu aliyeniuliza kwenye kivuko ningeirudisha lini taa ya gari lake alikuwa amezikwa siku kumi na tisa kabla. Kaburi lake nilikuwa nimeliona asubuhi ya siku ile ile, saruji bado mpya, shada moja la plastiki juu yake. Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikaa naye benchi moja, mchana, jua linawaka, kivuko kimejaa watu. Ukitaka kucheka, cheka kabisa sasa hivi, halafu unisikilize.

Kazi yangu ni kutafuta spea. Nina fremu ndogo ya duka Nyamagana, nyumbani kwangu ni Kiseke. Spea za magari ya kawaida kila duka linazo, kwa hiyo hizo sizigusi. Mimi natafuta za magari ya michezo ya zamani, yale ya milango miwili ambayo matajiri waliyaringia miaka ishirini iliyopita na leo yamelala uani chini ya turubai kwa kukosa kitu kimoja tu. Pampu. Kitasa. Taa. Kiwanda kimeacha kuvitengeneza, Dubai wanakwambia subiri, Nairobi wanakutumia picha ya kilichopasuka. Ndipo napigiwa simu mimi. Kila anayepiga namwandika kwenye daftari: jina, mahali, anachotafuta, na nilichomjibu.

Mzee Harish alikuwa mteja wangu wa siku nyingi. Anauza vitambaa mjini, amezaliwa Mwanza kama baba yake. Gari lake la Kijerumani lilivunjika taa ya mbele ya kushoto kwa jiwe, na kwa miezi minane nilikuwa naitafuta bila mafanikio. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Jumamosi, na mzee alitaka kumpeleka mwenyewe ukumbini kwa gari lile.

Jumatano fundi mmoja wa Sengerema akanitumia picha. Gari kama la Mzee Harish, rangi tu ndiyo tofauti, limefunikwa nusu kwa turubai, taa zote mbili nzima. Chini ameandika: "Mwenyewe kafariki juzi juzi. Wahi." Niseme ukweli wangu? Nilifurahi. Nilisoma habari ya kifo cha mtu nikapiga meza kwa furaha.

Nilipompigia Mzee Harish, aliniuliza mara mbili.

"Bwana wewe, hiyo taa ni ya nani? Ina mwenyewe?"

"Ina mwenyewe, mzee, na amekubali."

Hapo hata maji sijavuka.

Alhamisi asubuhi nikavuka na gari langu. Siku hizi kuna daraja, lakini kwa mtu anayetokea katikati ya mji, kivuko cha Kamanga bado ni karibu. Fundi alinielekeza hadi kwenye nyumba ile. Nje kulikuwa na turubai la msiba, viti vichache, na meza yenye picha ya marehemu kwenye fremu: kijana wa miaka arobaini hivi, shati la mistari ya kijani, anacheka, pengo linaonekana. Chini ya picha wameandika Sospeter. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka pale gari lilipoegeshwa.

Nikamsalimia baba mdogo wake, mzee mwembamba aliyekuwa msemaji wa familia. Nikatoa pole, nikaeleza shida yangu bila kuficha kitu. Hapo bado nilikuwa mtu mzuri.

"Kijana," akasema, "hapa kitu cha marehemu hakitoki mpaka matanga yaishe. Siku ya arobaini ukoo unakaa kikao. Vitu vyake vyote vinatolewa nje, hata soksi, vinahesabiwa mbele ya watu, ndipo tugawe. Kikikosekana kimoja tutatazamana vibaya sisi kwa sisi. Rudi baada ya hapo, taa utapata."

"Mzee, mimi nina harusi Jumamosi."

"Basi bibi harusi atembee. Miguu si anayo?"

Wazee waliokuwa pembeni wakacheka, nami nikacheka nao. Nikaaga vizuri. Lakini sikuondoka. Nilikaa kwenye kibanda cha chai njiani mpaka nikamwona baba mdogo akipita na bodaboda kwenda mjini, na wazee wengine wakitawanyika. Nikarudi kwa kupitia upande wa jikoni, ambako mama wa marehemu alikuwa anachambua mchele. Yeye alikuwa hajaniona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Mimi natoka bima. Nimetumwa kukagua gari la marehemu."

Akaacha ungo. "Bima? Kumbe Sospeter alikuwa na bima?" Akashika kifua. "Mungu mkubwa. Sasa baba, watawasaidia wajukuu wangu?"

"Tutaangalia, mama."

Hayo maneno mawili, tutaangalia, mama, mpaka leo nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe.

Alinipa ufunguo. Taa ya gari lile hutoka kwa urahisi ukiwa na spana yake, na spana ninayo. Waya tu ndio ulionisumbua. Nilisikia sandali zinakuja, nikaingiwa na hofu, nikaukata kwa koleo. Nikaizungushia taa blanketi, nikaifungia kwenye buti la gari langu, nikarudisha turubai juu ya gari la marehemu. Mama alikuja akakuta nafuta mikono. Akanikaribisha chakula. Nikakataa, akasisitiza, mgeni wa msiba haondoki na njaa. Nikala ugali wake na sato wake, taa ya mwanae ikiwa kwenye buti, hatua ishirini kutoka pale tulipokaa. Niamini, nilishiba.

Saa tisa nikawa kwenye kivuko, nimeacha gari sehemu ya magari na kukaa kwenye benchi la pembeni. Mwanamume mmoja akaja akakaa kushoto kwangu. Sikumtazama sana. Alinunua yai la kuchemsha kwa mama muuzaji, akaanza kulimenya polepole.

"Umekata waya," akasema.

"Samahani?"

"Waya wa taa. Ile soketi unaibana pembeni, inachomoka yenyewe. Wewe umekata. Unajua soketi ile nimeihangaikia kiasi gani?"

Nikadhani ni fundi wa pale mtaani, amenichungulia, sasa anataka chake.

"Kaka, tuongee taratibu," nikamwambia. "Wewe ni nani pale?"

Aliendelea kumenya. "Nilikupigia hata wewe. Ukaniambia haipo."

"Mimi napigiwa na wengi, ndugu yangu."

"Najua." Alikuwa amemaliza kumenya yai, akalitia chumvi, akaliweka kwenye kipande cha gazeti katikati yetu. Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayekuelekeza duka. "Mama anaanika nguo upande ule wa kushoto. Akiona shimo pale atashtuka. Utairudisha lini?"

Na mimi, kwa nini sijui, nikajibu kama ninayefahamu fika ninazungumza na nani: "Baada ya Jumamosi."

Akatabasamu. Niliona pengo, nikaona na shati la mistari ya kijani.

Nilitazama mbele, si zaidi ya pumzi mbili, kwa sababu sikutaka kuendelea kuuona uso ule. Mawe ya Mwanza yalikuwa yameanza kuonekana vizuri. Nilipogeuka benchi lilikuwa tupu. Nikasimama, nikazunguka kivuko chote, nikapita kati ya magari, nikatazama uso mmoja baada ya mwingine kama askari. Hakuna shati la mistari ya kijani. Tulikuwa bado katikati ya maji.

Niliporudi kwenye benchi, mama wa mayai alinigombeza. "Anko, mwenzio kaacha yai lake. Ndiyo nini kuchezea chakula?"

Kwa hiyo usiniambie niliota. Alimwona. Yai lilikuwepo, limemenywa, lina chumvi.

Jioni ile nilifungua daftari nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Nilimkuta. Mwaka juzi. Sospeter, Sengerema, taa ya mbele ya kushoto pamoja na soketi. Na mbele yake, kwa mwandiko wangu: haipo. Nikakumbuka. Siku ile sikutafuta popote. Nilimsikia mtu anapiga kutoka Sengerema, nikaona hana uwezo, nikaandika haipo nikaendelea na chai yangu. Akaitafuta mwenyewe, akaipata mwenyewe. Mimi ninayejiita mtafutaji nikaja kumwibia alipokufa.

Sasa ungedhani mtu aliyeona hayo atarudisha taa kesho yake asubuhi. Sikurudisha. Wenye magari hapa kwetu huchora namba ya usajili kwenye taa na vioo kwa kuogopa wezi, na Sospeter alikuwa amechora. Nilikaa na msasa nikaisugua namba ile mpaka ikaisha, nikang'arisha. Ijumaa nikaifunga kwenye gari la Mzee Harish. Jumamosi bibi harusi akapelekwa ukumbini, taa mbili zinawaka, watu wanapiga vigelegele. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote: moto, ajali, breki kukatika. Hakuna kilichotokea. Mzee Harish alinishika mkono mbele ya wageni akasema, "Huyu bwana ndiye kanipa siku ya leo."

Nilipata nguvu ya kusema Jumatatu. Mzee alinisikiliza dukani kwake mpaka mwisho, akivua na kuvaa miwani.

"Nilikuuliza mara mbili, bwana wewe. Mara mbili."

"Uliniuliza, mzee."

"Toa. Toa leo hii. Mimi nimepanda na mjukuu wangu katika kitu cha mama mwenye msiba?"

Hajanipigia simu tena.

Jumanne nikavuka na taa kwenye blanketi. Safari nzima niliuacha wazi upande wangu wa kushoto. Hakuna aliyekaa. Nilimkuta baba mdogo pamoja na mama chini ya turubai. Mama aliponiona akainuka haraka.

"Wa bima amerudi!" Akaita ndani: "Njooni, wa bima amerudi!" Watoto watatu wakatoka wakasimama mlangoni, wananiangalia mikono.

Nilipiga magoti pale pale. Nikasema yote. Kwamba sitoki bima, kwamba nimeiba taa ya Sospeter, kwamba nimekula chakula chao nikiwa mwizi. Nikafungua blanketi mbele yao.

Baba mdogo aliitazama taa, akanitazama mimi, akaniambia nimfuate. Tukaenda nyuma ya nyumba. Akavuta turubai.

Taa zote mbili zilikuwepo.

Niliinama mpaka paji la uso likagusa bodi. Ya kushoto ilikuwa mahali pake, namba ya usajili imechorwa pembeni, na vumbi la juu yake lilikuwa lile lile la gari zima. Niliomba ruhusa nikafungua boneti nikaingiza mkono. Waya ulikuwa mzima, na soketi imekaa. Kwenye kamba iliyopita upande ule mama alikuwa ameanika kanga.

"Hapa hakuna kilichopungua," akasema baba mdogo. "Hiyo yako umeitoa wapi?"

"Hapa, mzee. Wallahi hapa."

"Hapa haijatoka. Siwezi kupokea kitu nisichopoteza. Siku ya kikao nitasema nini, marehemu alikuwa na gari la taa tatu?"

Akanishika bega, kwa huruma kabisa, kama unavyomshika mgonjwa. Nilitamani anipige. Nilipomwonyesha taa yangu ili nimwambie itazameni namba, ni yenu, pale palikuwa peupe. Nilikuwa nimepasugua mwenyewe.

Lakini mama hakuja nyuma ya nyumba. Alikuwa bado amesimama chini ya turubai la msiba nilipopita kuaga.

"Hiyo taa mimi siijui," akasema. "Taa nilikuwa sijakudai. Ila hilo la bima, baba, nilishawaambia watoto." Akawatazama wale watatu mlangoni. "Uende ukawaambie wewe. Mimi sitaweza."

Nikaenda nikawaambia. Mkubwa wao, msichana, alisema, "Sawa, anko." Hakuna hakimu atakayenihukumu kwa sauti nzito kuliko ile.

Wewe unayenunua taa, kioo, au kitu chochote cha gari la mtu, uliza kimetoka wapi, halafu usimwamini anayejibu haraka. Na wewe unayeingia kwenye nyumba ya msiba, ingia na pole peke yake. Kitu nilichokiiba kimerudi chenyewe bila mimi. Maneno niliyoyasema hayakurudi.

Kazi bado naifanya, ila anayenipigia kutoka popote namtafutia kweli. Taa iko kwenye rafu ya juu fremuni, ndani ya blanketi, na waya wake uliokatwa unaning'inia. Wameiulizia watu wawili, nimekataa kuiuza. Nimepiga simu Dar, Arusha, Nairobi, Kampala, hadi Dubai, kuuliza kama kuna mtu aliyeuza taa ya kushoto ya gari lile kwenda Sengerema mwezi ule. Hakuna. Kanda ya Ziwa nzima, mtu anayeulizwa spea ya namna hiyo imetoka wapi ni mimi. Na ile iliyoko kwenye gari la Sospeter, sijui ilitoka wapi.