Mkasi kwenye Karatasi ya Kura

Mbunge alikufa kwanza. Mke wa Fundi Randa akafuata mwezi uliofuata.

Mbunge alilazwa ukumbini, watu wakapita kumwaga machozi. Mke wa fundi alizikwa mchana, jua kali, na waliomzika wakarudi makazini. Sasa ulikuwa umefika uchaguzi mdogo wa kujaza kiti cha mbunge. Magari ya vipaza sauti yalipita mbele ya karakana kutwa nzima. "Kiti kiko wazi! Kiti kiko wazi!" Fundi aliyasikia huku akiranda ubao, akatema mate kwenye maranda. Jikoni kwake nako kulikuwa na kiti kilicho wazi. Hakuna aliyekifanyia kampeni.

Kwa kawaida mambo ya kura hayakumhusu sana. Hakusoma hata darasa moja. Chaguzi zote alikwenda na mkewe, maana sheria inamruhusu asiyejua kusoma aingie na mtu wake. Yeye alinong'ona jina bila kuitazama karatasi, mkewe akaweka alama, akakunja karatasi, akampa atumbukize.

"Umeweka?"

"Nimeweka, mume wangu. Tumbukiza twende, nimeacha chungu motoni."

Basi, yakaisha.

Safari hii yalimhusu. Mmoja wa wagombea alikuwa Nesi wa zahanati, yule aliyemuuguza mkewe hadi mwisho. Alimgeuza kitandani, alimsafisha vidonda, hakuziba pua hata siku moja. Habari kwamba Nesi atagombea zilimkuta mgonjwa bado ana sauti. Alimshika fundi mkono akamwambia, "Kura zetu mbili mpe yule mtoto. Usinidanganye."

Fundi aliapa. Kiapo kile ndicho kilichomwamsha alfajiri, kikamvalisha koti.

Binti yake alimsindikiza hadi kwenye lango la shule iliyogeuzwa kituo.

"Baba, niingie nawe nikuwekee alama?"

"Mumeo anampigia kampeni Mkandarasi. Kaa hapa."

"Jamani, Baba! Kura ni yako. Mimi nakuazima mkono tu."

"Mkono ninao."

Foleni ilikwenda mwendo wa kinyonga. Nyuma yake alisimama kinyozi wa mtaani kwao, mdomo haujui kupumzika.

"Fundi, leo unatuchelewesha kama unavyochelewesha kabati langu."

"Kabati liko tayari. Linasubiri ukuta wako unyooke."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka.

Ndani, karani mwenye miwani alichukua kadi yake, akapitisha kidole kwenye daftari la wapiga kura. Akalipata jina lake. Kidole kikateremka mstari mmoja.

"Na huyu mama, nyumba moja na wewe, mbona hukuja naye?"

"Amekufa."

"Oh! Pole sana, baba. Lakini humu bado yupo."

"Mfute."

"Tumepewa daftari lilelile la uchaguzi uliopita. Leo hatufuti mtu."

"Basi nipe karatasi yake. Alishaniambia nimpe nani."

Kinyozi alianza kucheka, akakimeza kicheko. Msimamizi wa kituo, mwanamume mwenye kitambi na kitambulisho kifuani, alisogea. "Haiwezekani, mzee."

"Si mmesema yupo?"

"Yupo daftarini."

"Kwa hiyo yupo au hayupo?"

Karani alimshika kidole, akakichovya kwenye wino.

"Unajua kusoma?" akauliza msimamizi.

"Sijui."

"Umekuja na mtu wa kukusaidia?"

"Nilikuwa naye."

"Basi nitakusaidia mimi. Utanitajia unayemtaka, na mawakala wa vyama watasikia. Ndio utaratibu."

Fundi alilitazama benchi la mawakala. Yule wa Mkandarasi alikuwa ameshatega sikio.

"Picha zipo?"

"Zipo."

"Niache. Kipofu siyo mimi."

Kibanda cha kura kilikuwa boksi la karatasi ngumu juu ya dawati, na kalamu iliyofungwa kamba kama mbuzi. Wagombea walikuwa wanne. Juu kabisa Mkandarasi, meno yote nje. Chini yake mwalimu mstaafu, kisha kijana wa tai ambaye fundi hakumjua. Nesi alikuwa wa mwisho, hajatabasamu. Kando ya kila uso palikuwa na kisanduku kitupu.

Kwa fundi hii ilikuwa kazi ya kila siku. Mbao zikiletwa karakana, unazikagua. Ubao wenye ufa, au ulioliwa na wadudu, unauchora mistari miwili inayokatana. Mafundi wanaiita mkasi. Maana yake, tupa. Ubao mzuri huugusi, usije ukauchafua.

Mkandarasi akala mkasi. Mwalimu mkasi. Kijana wa tai mkasi, tena wa kukandamiza. Nesi akamwacha mweupe peee.

Alikunja karatasi akatoka. 

Alifika kwenye sanduku. Pembeni msimamizi alikuwa akimwelekeza bibi mmoja: "Unayemtaka ndiye unayemwekea alama, mama. Mmoja tu. Wengine usiwaguse."

Mkono wa fundi ukaganda juu ya tundu.

"Umesemaje?"

"Siyo wewe, mzee. Naongea na mama."

"Anayetakiwa ndiye anayechorwa?"

"Ndiye."

"Anachorwa nini?"

Msimamizi alionyesha bango ukutani. Mkono, kalamu, na mkasi mkubwa kama wa kukatia bati.

"Hiyo ni ya kutupa!" fundi alisema kwa sauti.

"Kutupa nini?"

"Ubao!"

"Mzee wangu, hapa hatuchagui mbao."

Wakala wa Mkandarasi aliinuka. "Si atumbukize tu? Foleni imefika barabarani!"

"Ukinisogelea nitakuranda," fundi alimwambia.

Msimamizi alimrudisha wakala kwenye benchi kwa jicho. "Haijaingia sandukuni. Karatasi ikiharibika, inarudishwa, anapewa nyingine. Nipe, mzee. Hivyohivyo ilivyokunjwa."

Hakuifungua. Aliandika neno juu yake, akaitia kwenye bahasha, akampa mpya.

Fundi alirudi kibandani. Sasa ilibidi amchore Nesi. Mkono uligoma. Alama ile maisha yake yote aliiweka kwenye kitu cha kutiwa jikoni kikawe kuni, na sasa aiweke kando ya uso wa mtu aliyemwosha mkewe. Hasira zilimpanda. Alimkasirikia aliyebuni alama ile. Akamkasirikia na mkewe, kwa kwenda bila kumwambia.

Alivuta mstari wa kwanza polepole. Wa pili ukaukata wa kwanza, wala haukutoka nje ya kisanduku.

Akakunja. Akatumbukiza.

Langoni binti yake alisimama upesi. "Umempa?"

"Nimempa."

"Sasa mbona umenuna?"

"Mama yako alikuwa anawapiga mikasi watu wangu. Wote."

"Ndiyo kuchagua, Baba."

"Hakuniambia."

"Ulimuuliza?"

Fundi alipangusa kidole kwenye koti. Wino haukutoka. Walitembea hadi walipoipita foleni yote.

"Zilikuwa ziwe mbili," akasema. "Nimeweka moja."