Nati Mbili za Springi ya Nyuma

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, ukungu umejilaza juu ya mashamba ya ulezi kama mtu asiyetaka kuamka, nami nimelala chini ya Landrova kuukuu ya kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Kaengesa. Usidhani nilikuwa fundi. Nilipenda jiko la mama kuliko safari yoyote, ila kwa kuwa nilifika kidato cha nne na kusoma fizikia, kijiji kikaamua gari ni langu.

Springi ya nyuma ilikuwa imekatika. Mpya tulikuwa nayo. Ya zamani ndiyo iliyokataa kutoka, nati zake mbili zimeshikwa na kutu ya miaka. Na pembeni, juu ya gunia la mahindi, alikaa dada yangu Felista, mimba yake imetimiza siku. Mkunga alimpapasa akasema mtoto amekaa vibaya, afike hospitali mjini siku ile ile. Gari jingine hatukuwa nalo.

Nikachomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana ili nipate nguvu, nikaning'inia kama nyani. Spana ikateleza. Nati moja ikabaki duara kama yai, nami na kidole kinachovuja damu.

"Kaka, hiyo fizikia mliisoma mmelala?" Felista akanitania, kisha akauma kanga yake kwa uchungu.

Nikashika nyundo. Ndipo Babu Kasote, mhunzi aliyeyeyusha mawe ya chuma katika tanuru la udongo ujanani mwake, akanidaka mkono.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Una haraka ya dada yako, au ya hasira zako?"

Nikaiweka nyundo chini. Akapasha nondo moto hadi ikawa nyekundu, akaigandamiza kwenye kila nati, kisha akaigusisha nta ya nyuki. Nta ikayeyuka, ikajipenyeza yenyewe kwenye meno ya boliti. Harufu ya asali ikatanda. Hata Felista akafumba macho kama anayeota. Tukasubiri. Sijapata kuona muda mfupi ulio mrefu vile.

"Sasa kaza," Babu akasema.

"Nikaze? Babu, si tunafungua!"

"Kaza kidogo, msomi."

Nikakaza ile nati nzima. Ikalia. Nikalegeza, nikakaza, nikalegeza, ikaja. Ile ya duara akaibana kwa koleo lake la uhunzi, nayo ikafuata taratibu, kama mtoto aliyebembelezwa.

Tukafunga springi mpya, tukaingia Sumbawanga jua lingali juu. Kabla ya magharibi binti akazaliwa, akalia, na mama yake, hoi kitandani, akaniuliza kama nimenawa mikono.

Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama, mwanangu, na kiburi changu kikainama pamoja nami. Ukikuta jambo limegoma, iwe nati au moyo wa mtu, usilitie bomba. Lipashe joto, lipe muda, lirudishe kidogo kule linakotaka kukaa, ndipo ulivute. Na siku uliyo na haraka ya kweli, siku hiyo hasa tuliza mkono.

Mungu akujalie mikono yenye joto na subira isiyochakaa, na kila kilichokukazia kikulegee bila kuvunjika.