Miadi ya Ofisini na Wingu la Bangwe

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kwa maboti, Kigoma ilijaa magari meupe yenye antena ndefu, na wenye magari hayo walitafuta wakalimani. Nami, mwalimu niliyepangiwa huko na digrii yangu mpya, nikafungua darasa la jioni la Kiingereza cha ofisini pale Bangwe, kando ya ziwa. Fahari yangu ilikuwa somo la miadi: kuahirisha ni "put off", kuwahisha ni "bring forward", kufuta kabisa ni "call off". Nilifundisha kwa mbwembwe, ingawa mimi mwenyewe sikuwahi kuwa na miadi na mtu yeyote, isipokuwa fundi viatu, ambaye hakuwa akitokea.

Mwanafunzi wangu hodari alikuwa mama jirani, mwanika dagaa, aliyezungumza Kiha, Kirundi na Kiswahili bila kupumua. Akaitwa kwenye usaili wa ukalimani. Aliitaka kazi ile kwa moyo wote. Amechoka, alisema, kuishi kwa kulibembeleza jua. Siku yenyewe nilimsindikiza, nikijiona mlezi wa vipaji.

Tuko barazani pa ofisi tunasubiri kuitwa, wingu jeusi likachomoza upande wa Kongo.

"Mwalimu, dagaa wangu wote wako mchangani!"

"Tulia, mama. Usaili hauahirishwi."

"Si wewe uliyetufundisha kuahirisha? Au yalikuwa ya ubaoni tu?"

Akapiga hodi, akaingia. Nikamsikia akimwambia bosi, mama wa Kizungu, kwa sauti ileile niliyowakaririsha: "I'm afraid we must put it off, madam." Kisha akamwonyesha wingu dirishani. Nikafumba macho.

Nilipofumbua, bosi alikuwa ananipita na funguo za gari, mama akimwongoza kuelekea Bangwe.

Bangwe wingu likitanda, hakuna anayeuliza dagaa ni wa nani; mwenye mikono anazoa. Bosi alizoa kwa kofia yake. Mimi nilizoa zaidi mchanga. Tone la kwanza lilitukuta tunafunga gunia la mwisho, na usaili ukafanyika palepale kibandani kwa mama, tumekalia magunia, bosi akinuka kama sisi.

Mwishowe akamwambia aanze kazi Jumatatu.

Mama akachungulia nje, mvua bado inapiga bati. Akajibu kwa Kiingereza changu chote kwamba, kwa masikitiko, anaomba waahirishe hadi Jumanne. Jumatatu lazima awaanike hawa.

Nikafumba macho tena. Nilichosikia ni kicheko cha bosi.