Udongo Mweupe wa Mama Mkwe

Damu yangu ya mwezi ilipokatika, mama mkwe alininyang'anya ndoo ya maji akasema nina mimba. Kule machimboni Kambove nilikuwa naosha mawe ya shaba, na mgongo ukiuma nilimeza tramadol, vidonge vya kutuliza maumivu, kama wenzangu wote. Daktari wa hapa Likasi alinipima, akaniuliza nameza nini. Nikamwambia. Akasema hakuna mtoto, ni vidonge vimezima homoni zangu. Hakuna aliyetuambia kwamba dawa ya mgongo inafika mpaka kwenye kizazi.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe ametoka sokoni na udongo mweupe, ule ambao wenye mimba huutamani.

"Kula, mwanangu," akasema. "Sasa muko bawili."

Nikautafuna wote, naye akilitazama tumbo langu.